Tromboni Ndani ya Kabati: Ufunguo wa Dona Eufrásia

Wiki iliyopita tulimwacha Genival Peçanha amebanwa na kabati kwenye ngazi za jengo lao pale mtaa wa Catete, kati ya ghorofa ya tatu na ya pili, kidevu kimekwama juu ya ubao, na kandambili za mama mkwe wake zikipanda kutoka chini: pwa, pwa, pwa. Waliomwandikia mhariri kuuliza kama alikufa, jibu ni hapana. Ila kwa dakika nzima alitamani.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa kinyozi, mambo yako hivi. Genival amepiga tromboni miaka kumi na tisa kwenye kumbi za dansi za Rio, nyuma ya waimbaji wasio na idadi, na jina lake halijawahi kuandikwa hata nyuma ya jalada la santuri. Mwaka huu wa 1963 mji mzima umehamia kwenye bossa nova, muziki wa kunong'ona, na tromboni hainong'oni. Ya Genival peke yake ndiyo hunong'ona, kwa kuwa miaka sita sasa anafanya mazoezi mchana wakati mama mkwe amelala, domo la tromboni likiwa limezama ndani ya kabati la bibi huyo lililoko koridoni, katikati ya nguo zake.

Bwana Aristeu Pamplona, mkuu wa kurekodi, alikuja siku moja kumtembelea, akaisikia sauti hiyo akiwa bado mlangoni, akatoa mkataba hapo hapo. Santuri yenye jina la Genival mbele, kwa herufi kubwa. Nyimbo tatu za kwanza, alizotunga mwenyewe, ziwe kwenye utepe wa kurekodia kabla ya saa saba mchana Jumamosi. Zisipokuwepo, nafasi anapewa Wandick wa saksafoni, yule anayepaka mafuta nywele mpaka nzi wanateleza.

Studio walijaribu kila kitu. Taulo, kofia, hata kumpeleka Genival chooni na kufunga mlango. Sauti ikagoma. Ndipo wazo la kabati lilipozaliwa, na Jumamosi yenyewe ni leo.

"Mkwe wangu," mama mkwe, Dona Eufrásia, alisema, akiwa na kikapu cha bamia mkononi. "Unahama?"

"Hapana, mama."

"Basi kabati langu ndilo linahama."

Genival alifungua mdomo, na kwa kuwa kidevu kilikuwa juu ya ubao, kabati zima lilizama kidogo kisha likainuka. Upande wa juu, ameshika mwisho wa pili wa kabati, alikuwepo Tibúrcio, mpiga ngoma, mtu ambaye akianza kudanganya hajui pa kushukia.

"Mchwa, Dona," Tibúrcio alisema. "Wameingia mguuni. Usiku nilipokuja kula niliwasikia kwa masikio yangu, wanatafuna kama watu walioalikwa."

"Miaka miwili nasema kabati lina mchwa, mnaniambia nazeeka. Leo ndiyo mmeamini? Jumamosi, maharage yangu yako motoni?"

"Kuna daktari wa mchwa mjini. Anavaa koti jeupe. Anatibu Jumamosi tu, na saa saba anafunga."

Genival alimtazama rafiki yake kwa macho ya mtu anayepanga kuua. Dona Eufrásia naye alilitazama kabati, akamtazama Tibúrcio, kisha akaweka kikapu kwenye mkono wa pili.

"Inueni upande wa kushoto, msiburuze," alisema. "Jirani atanitazamia maharage. Mimi nakuja nanyi."

Hivyo ndivyo safari ilivyokuwa: Tibúrcio kwenye usukani wa kilori cha kuazima cha soda, mama mkwe pembeni yake na bamia mapajani, na Genival nyuma, amekumbatia kabati kwa mkono mmoja na kasha la tromboni kwa mkono wa pili. Njia nzima alikuwa akitunga sentensi ya kumweleza yule mama ukweli. Walipofika mjini alikuwa na maneno mawili tu, na yote mawili yalikuwa "samahani".

Kwa bahati, au kwa balaa, mafundi wa studio ile huvaa makoti meupe kazini, wakubwa kwa wadogo. Bwana Aristeu alitoka kuwapokea na lake, limepigwa pasi.

"Daktari," Dona Eufrásia alimwambia, "wako mguu wa nyuma. Ule wa kulia."

Bwana Aristeu alimgeukia Genival. Genival akamsogelea sikioni. "Huyu ndiye mwenye kabati. Kubaliana naye kwa kila kitu, nakuomba."

Mtu aliyefanya kazi na waimbaji miaka ishirini ameshakubaliana na makubwa kuliko hayo. Bwana Aristeu alitikisa kichwa kwa heshima, akainama, akaukagua mguu wa nyuma wa kulia kwa makini, akasema hali si mbaya sana. Kisha akasogeza kipaza sauti mbele ya milango ya kabati.

"Hicho cha nini?"

"Cha kusikilizia, mama."

"Aa," alisema Dona Eufrásia, akavuta kiti, akatoa kisu kidogo kwenye kikapu, akaanza kukata vikonyo vya bamia.

Ilikuwa saa tano na nusu. Mpiga gitaa na mpiga besi walikuwa wameshakaa. Tibúrcio alitandaza ngoma zake na kushika brashi za kuzipigia. Genival akaunganisha tromboni, akanyunyizia maji kwenye mkono wa kuvuta, akashika kitasa cha kabati, akavuta.

Kabati halikufunguka.

Akavuta tena. Miaka sita kabati lile halijawahi kufungwa hata siku moja. Milango yake ilikuwa hata haikai vizuri, na leo imekaza kama benki. Jasho lilimshuka Genival mgongoni, na Tibúrcio akaanza kuuliza kwa sauti ya chini kama kuna bisibisi.

"Bisibisi ya nini?" alisema Dona Eufrásia, bila kuinua macho kwenye bamia. "Ufunguo uko hapa."

Akajigonga kifuani. Chini ya gauni, kwenye kamba nene aliyoivaa shingoni, ufunguo uligonga kitu kingine cha chuma.

"Nilifunga jana usiku," aliendelea. "Niliwasikia mnanong'ona jikoni, wewe na huyu mwongo wako. Nikajiambia, hawa wakilikuta wazi watalibeba waniache na maharage. Wakilikuta limefungwa watanihitaji. Mnanihitaji au hamnihitaji?"

"Mama," Genival alisema polepole, "kumbe ulijua hakuna daktari wa mchwa?"

"Mchwa wapo. Lakini daktari wa mchwa sijawahi kusikia ana mpiga besi."

Mpiga besi alikohoa ili asicheke. Bwana Aristeu aliitazama saa ya ukutani.

"Kaa chini, mkwe wangu," Dona Eufrásia alisema. "Tangu nihamie kwenu sijalala mchana hata mara moja. Nafumba macho tu. Wewe ukichungulia mlangoni ukaona nimefumba, unavuta pumzi, unaanza. Nami nasikiliza. Na ile Jumanne uliyoliambia kabati kwamba mimi ni mchoyo wa nyama, nilisikia pia."

Genival alitamani kuingia mwenyewe ndani ya kabati na kufungiwa. Miaka sita alijiona mjanja, akinyata kwa soksi kama mwizi, kumbe alikuwa na msikilizaji kila mchana. Aliona aibu. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kilichomshangaza, nacho kilikuwa furaha.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema ungeacha." Aliuvuta ufunguo kutoka chini ya gauni, akainama, akafungua kabati bila kuivua kamba shingoni, akarudi kwenye kiti chake. "Haya. Mimi sitoki humu ndani mpaka mmalize."

Ndani ya kabati mlikuwa na magauni kumi hivi, na katikati yake, kama kawaida, makoti matatu mazito ya sufu yaliyomshangaza Genival tangu siku ya kwanza. Aliingiza domo la tromboni kati ya koti la kijivu na la kahawia. Taa nyekundu ikawaka.

Wimbo wa kwanza uliingia kwenye utepe kwa mara moja tu. Gitaa lilitangulia, brashi zikafuata, halafu tromboni ikaja kutoka ndani ya sufu, laini, ya karibu, sauti ya mtu anayezungumza na mkewe gizani. Bwana Aristeu, nyuma ya kioo, alivua miwani. Wimbo wa pili ulichukua mara tatu, kwa kuwa mara ya kwanza kisu kilianguka na mara ya pili ikaanguka bamia, na hata bamia, jamani, kile kipaza sauti kiliisikia. Ikafika saa sita na dakika ishirini na tano, nyimbo mbili zimekamilika, umebaki mmoja.

Huo uliobaki ndio Bwana Aristeu aliousikia siku ile mlangoni. Ndio uliomfanya atoe mkataba. Genival aliupa jina "Saa Nane Mchana", na alijua kwamba kama kuna wimbo utakaomtoa kwenye mstari wa nyuma, ni huo.

Taa nyekundu. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Mpiga gitaa alikuwa anatabasamu peke yake.

"Hapo umekosea," alisema Dona Eufrásia.

Taa ikazimika. Bwana Aristeu alitoka nyuma ya kioo, uso umemwiva. "Nani kasema?"

"Mimi. Mstari wa nne unashuka. Yeye kaupandisha."

"Mama, nakuomba," Genival alisema. "Wimbo ni wangu. Nikitaka upande, unapanda."

"Uliutunga lini?"

"Mwaka juzi. Mchana. Ulikuwa umela..." Akaishia hapo.

"Na asubuhi yake mimi nilikuwa wapi?"

"Jikoni. Unakata bamia."

"Nikikata bamia huwa nafanya nini?"

Genival alishusha tromboni. Alikuwa ameanza kusikia kitu kichwani, na hakukipenda. Aliyejibu ni Tibúrcio, ambaye hula pale kwao siku tatu kwa wiki.

"Unaimba kwa pua, Dona."

"Koti la kijivu," alisema Dona Eufrásia. "Mfuko wa ndani."

Genival alitia mkono. Miaka sita alikuwa akiupulizia mfuko ule kutoka umbali wa shubiri moja. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ya manjano kwa uzee, imeandikwa noti kwa wino wa zambarau, na pembeni mwaka: 1929. Alizisoma noti kwa macho tu. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ulishuka, na ulivyoshuka ulikuwa mzuri kuliko alivyowahi kuupiga. Chini kabisa, kwa mwandiko wa msichana, palikuwa na jina la mwenye koti.

Hakuiba. Hilo mwandishi wenu analiapia. Aliamini kabisa kwamba wimbo ule umemjia mwenyewe ndani ya kabati, kumbe ulimjia kutoka jikoni. Lakini karatasi ilikuwa mkononi.

Bwana Aristeu aliichukua, akaisoma, akamrudishia. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro dakika ishirini. Kwenye kioo cha mlango, nje, kilionekana kichwa kinachong'aa mafuta. Wandick alikuwa amefika mapema, na alikuwa analowanisha kipande cha mwanzi cha saksafoni yake kwa ulimi, bila haraka.

"Genival," Bwana Aristeu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwema aliyebanwa. "Mkataba unasema nyimbo za mwenyewe. Wakubwa wa juu walikwama hapo hapo, mpiga tromboni asiyejulikana, angalau awe mtunzi. Mimi sijaona karatasi yoyote. Nilikuwa nimetoka kunywa kahawa." Akachukua fomu, akafungua kalamu. "Wimbo wa tatu. Mtunzi niandike nani?"

Dona Eufrásia alirudi kwenye bamia zake, tak, tak, tak, kama jambo lenyewe halimhusu.

Genival aliifikiria miaka kumi na tisa. Aliwafikiria waimbaji waliomsahau jina hata wakiwa naye jukwaani, na mkewe Lindalva aliyekwisha kutenga nafasi ukutani, juu ya redio, pa kutundika jalada. Ingetosha kukunja karatasi ile mara nne na kuirudisha mfukoni. Mama mkwe mwenyewe hakuidai. Mkono wake ulianza hata kuikunja.

"Andika Eufrásia Brandão," alisema.

Tibúrcio alifumba macho. Bwana Aristeu aliandika, akapuliza wino ukauke.

"Basi una nyimbo mbili."

"Ninazo mbili," Genival alisema. Akaitoa tromboni kabatini, akakaa juu ya kasha lake, na macho yakamjaa maji bila yeye kujali nani anamwona.

Kisu kikaacha kukata.

"Nilitaka nione," alisema Dona Eufrásia. "Marehemu mume wangu asingeandika jina langu. Alikuwa mtu mzuri, lakini asingeandika." Akafuta mikono kwenye aproni. "Sasa niambie. Ule wako wa siku ya mvua uko wapi?"

"Upi, mama?"

"Lindalva alipolazwa. Ulirudi kutoka hospitali umelowa, hukuvua hata viatu, ukaja moja kwa moja kwenye kabati. Ulipiga wimbo mmoja, mara moja. Hujaurudia tena."

Genival aliikumbuka mvua. Aliukumbuka uso wa daktari, na hofu, na viatu vinavyotoa maji koridoni. Wimbo hakuukumbuka hata noti moja.

"Umepotea," alisema. "Sikuuandika."

"Kwako umepotea. Kwangu upo."

Tibúrcio aliruka kwenye kiti. "Dona, uimbe basi. Uimbe kwa pua hivyo hivyo, yeye atafuata."

"Niimbe kwa pua mbele ya daktari wa mchwa? Siimbi." Alisimama, akalisogelea kabati, akayatenganisha makoti kwa mikono miwili, la kijivu huku, la kahawia kule, kama mtu anayepanga kitanda chake mwenyewe. "Mkwe wangu, wewe hujawahi kujiuliza? Mwanamke wa Rio, na jua hili, makoti matatu ya sufu anavaa wapi?"

Alikuwa amejiuliza. Aliliuliza kabati lenyewe zaidi ya mara moja.

"Mume wangu alipiga tromboni bendi ya zimamoto. Zamu za usiku, mchana analala. Miaka kumi na minne tromboni ilikaa bure juu ya meza kila mchana, na mimi nina nguo za kutosha za kuzibia sauti." Alivuta ile kamba shingoni, na safari hii ikatoka yote. Kando ya ufunguo kulikuwa na kidude cha shaba cha kupulizia, kimelika upande mmoja kwa midomo. "Yeye alikufa akiamini kwamba mimi nilikuwa nafua."

Mlangoni Wandick aligonga. Mara mbili, kwa adabu, kisha mara ya tatu bila adabu.

Bwana Aristeu alitazama mlango, akatazama saa, akamtazama yule bibi wa bamia aliyekuwa ameshanyoosha mkono kuelekea kwa mkwewe. Akaenda mlangoni. Kila mtu alidhani anakwenda kufungua. Akazungusha ufunguo, akafunga, akarudi nyuma ya kioo.

Genival alisimama, akampa mama mkwe tromboni.

Dona Eufrásia alichomoa kipulizio cha Genival, akampa akishike, akachomeka chake. Aliujaribu mkono wa kuvuta mara moja, mpaka mwisho, akaguna kwamba umekauka, akaunyunyizia maji. Kisha akaliingiza domo la tromboni kati ya makoti yake mwenyewe. Zilibaki dakika kumi na moja.

"Sikiliza vizuri," alimwambia mkwewe. "Nitaupiga mara moja tu, halafu utaurudia wewe."

Taa nyekundu ikawaka. Na kama alivyofanya kila mchana kwa miaka sita, Dona Eufrásia akafumba macho.